Chai ya Shemasi Ephraïm

Ephraïm ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Mbunya, na kila jioni macho yake yalikuwa mekundu, kama ya fundi yeyote anayedharau miwani. Wamama wa kikundi cha maombi, ambao hawajawahi kuchomelea hata bawaba, walijua sababu nyingine: kaikpo, ile pombe kali ya kienyeji. Wakamnong'oneza mkewe, Musoki. Naye akawaamini, wao walikuwa wengi, mumewe alikuwa mmoja.

Macho yalipogeuka njano na tumbo likavimba, mtaa ulisikitika kwa furaha. Kanisa likamvua ushemasi. Jirani yake Zacharie, mlevi wa hadharani mwenye ini la chuma, alimwita juu ya ua:

"Shemasi! Ulikuwa unakunywa bila kutuita? Weye roho mbaya!"

Hospitalini Docta Ketsia alipima hepatite, ile homa ya ini, hakuikuta. Akauliza habari za pombe.

"Docta, sijaonjaka hata siku moja."

"Bote banasemaka vile." Lakini alirudia kusoma vipimo, akakunja uso. "Papa, damu yako haifanane na ya mutu wa pombe. Kama hatupate sababu, ini itaisha. Unakunywaka dawa gani?"

"Hakuna. Chai ya bibi yangu tu."

Musoki, huyo bibi yake, alikuwa ameketi kando, termosi magotini. Kila asubuhi alitia humo unga wa mizizi ulionunuliwa sokoni, dawa ya kumfanya mlevi aichukie chupa. Na kwa kuwa hakuwahi kumwona mumewe na chupa, aliamini inafanya kazi. Mumewe alipoanza kuugua, alidhani ni pombe inayotoka mwilini, akaongeza kijiko.

Ephraïm akanyoosha mkono apewe kikombe.

"Papa Kavira, acha," Musoki alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, na akasema yote, mbele ya daktari, bila kuinua macho.

Docta aliichukua termosi. "Hii inaishia hapa. Ini iko na huruma kuliko batu, tutaona."

Ephraïm alimgeukia mkewe.

"Ilikuwa chungu sana," alisema. "Nilikuwa namaliza tu. Nilizani hujue kutengeneza chai, sikutaka usikie haya."

Njano imeanza kufifia. Musoki amemnunulia miwani ya kuchomelea. Chai huipika mbele yake, na huonja yeye kwanza. Ephraïm hajawahi kumwomba afanye hivyo. Angemwomba, pengine Musoki angepata nafuu.