Mama Mkwe Ndani ya Daraja la Kwanza

Wanaonicheka pale soko la Kibirizi nimewaacha wacheke, maana hata mimi ningekuwa mchuuzi mwingine wa dagaa nikasikia kisa hiki cha mtu mwingine ningecheka mpaka nikae chini, lakini jamani, mimi bado kinaniuma, na leo nakisimulia mwenyewe kwa sababu huko sokoni kimeshatiwa chumvi hadi eti nilikimbia uchi kandokando ya reli. Sikukimbia. Nilisimama tu.

Mke wangu Tausi alikuwa amerudi kwao Simbo. Nilikwenda Kagunga kununua dagaa nikakaa huko muda mrefu bila kupiga simu, akachoka, akafunga nguo zake, na mama yake akasema binti haondoki pale mpaka yeye mwenyewe aridhike kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili zake. Nikatuma wazee, wakanywa chai wakarudi mikono mitupu. Miezi ikapita, nilikuwa silali. Basi ikatokea safari ya Dar kumwona mteja, na Tausi akanipigia kwamba yeye na mama yake watakuja stesheni kuniaga. Mwenzenu siku zote napanda daraja la tatu nimekumbatia gunia, ila siku hiyo nikakata tiketi ya daraja la kwanza, chumba cha vitanda viwili na sinki la kunawia (abiria wa kitanda cha pili angepandia Tabora), ili mama mkwe aone kwa macho yake binti yake ameolewa na nani.

Angeona kwa nje, dirishani, yangeishia hapo. Lakini mimi nikang'ang'ania aingie.

Sasa mjue, mama mkwe ni Muha wa zamani. Kwao mama na mkwewe wa kiume hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni, na neno likilazimika kusemwa linapitia kwa mtu wa tatu. Mimi mtoto wa Ujiji, hayo kwetu tumeyalegeza kitambo, nikajifanya sijui.

"Mama, karibu ndani uone kidogo tu."

Akamgeukia Tausi. "Mwambie mume wako nimeshaona."

"Ingia tu mama, hii treni, siyo nyumba," Tausi akasema pale kwenye ujia wa behewa, kisha akashuka kuninunulia maji ya njiani.

Akaingia mama wa watu, kajifunika kitenge, kasimama pembeni asiguse hata godoro, nami kwa kiherehere changu nikasukuma mlango ujifunge ili aone kioo cha kujitazamia kilichobandikwa nyuma ya mlango. Ukajifunga. Honi ikalia. Nikavuta mlango, haukufunguka, nikavuta kwa mikono miwili na mguu nimeukanyagisha ukutani, na hapo nikasikia magurudumu yanaanza, na dirishani Tausi anakimbia na chupa ya maji mkononi, anaita, "Mama! Mama!"

Mama mkwe aligeukia ukuta. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa tatu, akaongea na sinki.

"Wewe sinki, mwambie huyo mtu afungue mlango."

"Mama, umekwama."

"Sinki, mwambie asiseme na mimi."

Basi na mimi nikainamia sinki (mtu mzima na ndevu zangu) nikasema, "Sinki, mwambie mama mlango umekwama na ninamwomba radhi." Nje mhudumu wa behewa akagonga akasema kitasa kimekatika, tutulie mpaka Uvinza kuna mafundi. Abiria wakajaa kwenye ujia. Nikasikia mmoja anauliza, "Wamefungiwa akina nani?" na mwingine anajibu, "Mtu na mama mkwe wake!" na kicheko kikapita behewa zima, halafu mwanamke mmoja akasema, "Astaghafirullahi, aibu gani hii," na hapo ndipo mama alipoanza kulia. Alilia taratibu, kitenge mdomoni, asisikike. Nilitamani nife.

Treni iliposimama kwenye kituo kidogo kabla ya Uvinza nikaamua. Kama yeye hawezi kutoka, nitoke mimi, angalau tusiwe chumba kimoja. Nikateremsha kioo cha dirisha, nikatanguliza kichwa, nikafika kiunoni, na mkanda ukanasa kwenye ndoano ya dirisha. Wauza ndizi wakanikamata mikono.

"Vuteni!" mmoja akapiga kelele.

"Msivute!" nikalia.

Wakavuta. Mimi nikatoka, suruali ikabaki ndani na mama mkwe. Nikaangukia kokoto, nikasimama na chupi mbele ya kituo kizima, na ningekimbilia wapi, tiketi na simu vyote viko mfukoni mwa hiyo suruali.

Mlango watu wa kituo walikuja kuuvunja kwa nondo dakika ileile, uleule tulioambiwa tuusubirie mafundi wa Uvinza. Mhudumu akaniletea suruali ameishika kwa vidole viwili. Mama alishuka kajifunika uso mzima akatembea kwenda kwenye lori la chumvi lililokuwa linarudi mjini. Nikamfuata nimpigie magoti. Aliponisikia akatoka njiani akasimama kwenye nyasi, mgongo kwangu, akinipisha kama adabu yao inavyotaka, baada ya yote yale.

Nikarudi chumbani, mlango umening'inia, nikalala nimeelekea ukuta. Mtandao ulipokamata Uvinza, Tausi akapiga.

"Unajua mama alikuja stesheni kufanya nini?"

"Si kuniaga?"

"Alikuja kukwambia ukirudi uje unichukue. Alitaka akwambie kwa kupitia mimi, palepale, kabla hujaondoka. Nguo zangu nilishafunga."

"Na sasa?"

"Sasa ameshafika, anasema nyumbani kwako hawezi tena kukanyaga, na mimi siwezi kuishi mahali mama yangu hawezi kuja." Akakata.

Mpaka leo yuko Simbo. Mimi nimerudi daraja la tatu na gunia langu, na daraja la kwanza hata kwa tiketi ya kupewa sipandi tena. Na nyinyi, mtu akija kuwaaga, shukeni msimame naye chini mumsikilize. Mimi nilikuwa nahangaika kumwonyesha kioo, na jibu nililolisubiri miezi yote ile alikuwa amekuja nalo.