Injini Waliiteremsha Wao Kisimani, Kifafa Nikapewa Mimi

Assalaam aleikum wakuu, wakubwa kwa wadogo.

Mie si mtu wa kalamu. Chuo cha Kurani nimesoma, skuli niliacha mapema nikaenda kubeba mizigo, kwa hiyo mkiona herufi zimepotea zisameheni. Lakini ninachosema kimenifika mwenyewe, na waliohusika nawataja kwa majina.

Jana kuna kijana humu kauliza kama anaweza kuiweka pampu ya petroli ndani ya kisima, kwa sababu ikikaa juu haivuti.

Moyo ulinipasuka. Mwanangu, usifanye. Soma kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Unguja. Mie mtoto wa Kikwajuni, nikaoa Kidichi. Mke wangu Zuwena, mama yake Bi Mize, kaka yake Mselem, mwenye duka mjini.

Kisima cha ukweni kilikuwa uani, nyuma ya jiko. Kimechimbwa kwenye jiwe, chembamba, kirefu. Maji yake baridi na matamu, ukiyanywa unasahau ya mjini. Zuwena na mama yake waliteka pale kwa kamba ya usumba wa nazi kila siku ya Mungu, viganja vyao vigumu kuliko vyangu mie kuli wa bandarini.

Basi Mselem akanunua pampu ya injini. Nia yake mama apumzike, hilo simnyimi. Akaja na fundi wa Malindi yetu ya mjini, Haji Kirunga. Jina hilo lishikeni.

Sasa wakuu, pampu inayovuta kutoka juu ina kikomo chake. Inanyonya kama unavyonyonya dafu kwa mrija. Maji yakiwa chini zaidi ya pima nne hivi, yaani kama mita saba, hata injini iwe na nguvu za tembo, haitoi kitu. Yetu yalikuwa pima saba.

Haji akaiwasha. Ikanguruma, kuku wakakimbia, bomba likatoa hewa tupu.

Mwenye akili angefunga mizigo akarudi kwao. Haji akasema, "Kama maji hayaji kwenye pampu, pampu itayafuata maji."

Mselem akacheka, akaona kapata hekima.

Wakapachika boriti katikati ya kisima, wakafanya kichanja, wakaiteremsha injini ikakaa pale. Na petroli yake, na moshi wake.

Na maji yakaja, wallahi! Vigelegele uani. Baada ya muda injini ikakohoa, ikazima. Lazima mtu ashuke na petroli.

Mwembamba ni mie.

Pale ukweni kuna ada, yaani desturi. Anayeshuka kisimani hufungwa kamba kifuani, na mtu mmoja wa juu humwita jina lake bila kukoma. Wa chini aitike kila mara. Asipoitika anavutwa, hakuna kuulizana.

Haji akaanza kejeli. "Lo! Mwanamme mzima anaitwaitwa kama mtoto kapotea sokoni! Mfungueni, kamba itanasa kwenye injini."

"Zuwena, tuondolee aibu," Mselem akadakia. "Fundi si yupo?"

"Fundi wa injini yupo," Zuwena akamjibu. "Mume ni wangu mie. Kamba haifunguki."

Bi Mize akaenda akaishika ile kamba nyuma ya Zuwena.

Nikashuka, Zuwena akaanza kuniita.

"Makame!"

"Naam!"

"Makame!"

"Naam, bibi weye, nipo!"

Juu namsikia Haji ananiigiza kwa sauti ya kitoto, watu wanacheka.

Moshi ulikuwa ushatulia, harufu ya petroli kidogo tu. Hapo ndipo penye kifo, wakuu. Sumu ya injini huioni wala huinusi, na ndani ya kisima haina pa kutokea.

Kichwa kikawa kizito, usingizi ukanivuta. Wala sikuogopa. Nilijiambia naegemea jiwe kidogo tu.

Yaliyofuata nimehadithiwa. Zuwena kaita, kimya. Kaita tena, kimya. Haji akasema, "Mpe nafasi, mikono yake ina kazi."

Zuwena na mama yake wakavuta kama wanavyovuta ndoo, mkono mbele ya mkono, bila kuyumbisha, Bi Mize akisema, "Taratibu mwanangu, asigongwe kichwa." Mselem kaganda pembeni na mpira wa maji mkononi.

Nikazindukia mkekani, natapika, miguu inarukaruka, povu mdomoni.

Povu hilo ndilo lililoniangamiza.

Haji alikusanya spana zake, akafika Malindi anasema yule kijana wa Kidichi ana kifafa, kaangukia kisimani. Na Mselem, aliyeona kwa macho yake, akaulizwa dukani kwake akasema ndiyo. Kwake, afadhali mie niitwe mgonjwa kuliko yeye kuambiwa nusura amuue mume wa dada yake.

Bandarini nikaambiwa kazi ya mizigo haimfai mtu wa kuanguka. Siku zile wengi waliamini povu la kifafa linaambukiza. Si kweli, na mwenye kifafa si mtu wa kukimbiwa. Lakini mie nilikimbiwa.

Haji na Mselem wote washatangulia mbele ya haki, na bado nna donge nao.

Ikaja harusi ya jirani pale Kidichi. Masinia ya pilau yakawekwa, wanaume huku, wanawake kule. Nikakaa. Wenzangu wa sinia wakainuka mmoja mmoja. "Aa, mie nshashiba." Hata tonge moja hawajamega. Mselem yuko sinia la pili, kainamia wali wake.

Sasa mjue, kwetu mama mkwe na mume wa mwanawe wana staha kubwa. Bi Mize alikuwa hajapata kula mbele yangu hata siku moja.

Siku ile alitoka upande wa wanawake, kajitanda kanga yake, akapita katikati ya wanaume, akaja kukaa kwenye sinia langu.

Mtu akamwambia, "Bi Mize, huku wanaume."

"Nnaona. Nimekuja kula na mwanangu."

Akamega tonge upande wangu, pale pale nilipomega mie, akalitia mdomoni. Kisha akainua uso.

"Mselem! Njoo ule na mtu uliyemtia moshi."

Mselem akaja, akakaa. Watu wakaanza kuulizana, moshi gani? Mama yake akaendelea kutafuna, anamngojea mwanawe aseme mwenyewe.

Akasema: injini waliiteremsha wao, na mie kifafa sina.

Basi wewe kijana wa jana, injini ya petroli ikae juu, penye upepo. Maji yakiwa mbali, tafuta pampu ya umeme ya kuzamishwa, ndiyo iliyoumbwa kukaa majini. Na injini ikishawahi kuwaka ndani ya kisima au shimo la maji machafu, mtu asishuke hata kama panaonekana peupe.

Zuwena yupo hapa ubavuni, macho yake mazuri kuliko yangu, ndiye atakayenisomea comments. Mwenye kisima nyumbani atuambie, maji yako mbali kiasi gani, na pampu umeiweka wapi?

Na kama humu mna jamaa wa Mselem, msinikasirikie mie. Mama yake kamsema kabla yangu.