Gurudumu Lililopauka

Nilidanganya kwenye fomu. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Timu moja ya besiboli, inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa wazi vituo vinne vya basi kutoka kwetu Tottenham, ilikuwa inatafuta wachezaji, na fomu iliuliza nimecheza kwa muda gani. Nikaandika miaka mitatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeangalia video kwa wiki tatu.

Sikutaka kuwa bingwa. Nilikuwa nimeshakaa London mwaka mmoja na nusu, naishi kwa mama mdogo, naingiza taarifa kwenye kompyuta katika ofisi ambako tunasalimiana kwa kutikisa kichwa. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo nisipofika, mtu atauliza niko wapi. Majaribio yalikuwa baada ya wiki sita.

Kikwazo kilikuwa rede. Asiyeujua mchezo huo: wasichana wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira, na wa tatu yuko katikati anaukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Shule ya msingi nilikuwa nakwepa vizuri kiasi kwamba wenzangu walikata tamaa wakaenda kunywa maji. Sasa nilitakiwa kusimama nimeshika gongo, mpira uje, nisiondoke. Nilimwomba mama mdogo anirushie soksi iliyokunjwa, sebuleni. Nikaikwepa. Akarusha nyingine, nikaikwepa.

“Wewe mtoto,” akasema, “hiyo ni soksi.”

Ndipo nikaanza kutafuta mashine ya kurusha mipira. Mimi siwezi kununua hata kijiko bila kuchora jedwali, kwa hiyo nilichora jedwali. Kuna mashine za mkono wa springi, ambazo hurusha kama mtu lakini springi ikichoka huwezi kujua ni lini ilianza kuchoka. Kuna za magurudumu mawili, zinazoweza kuupinda mpira njiani. Hizo nilizifuta, maana hata mpira ulionyooka ulikuwa unanishinda. Nikabaki na za gurudumu moja: gurudumu la raba linazunguka, mpira unabanwa kati yake na kibao, unatupwa. Swichi moja ya kasi, namba moja hadi kumi. Bustani yetu ni hatua kumi na moja kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye uzio, kwa hiyo niliandika pia kwamba mipira iwe ya sponji, kwa ajili ya madirisha ya jirani.

Niliipata kwa baba mmoja wa Hounslow, upande wa pili wa jiji, ambaye mwanawe alikuwa ameacha besiboli na kuanza kupiga ngoma. Alinieleza mambo matatu: kaza nati za miguu kila wiki, usiache mipira ikaloa, na gurudumu liwe safi na kavu. Niliandika yote matatu. Nikaileta nyumbani kwa treni ya chini ya ardhi, nimeifunika shuka, na mzee mmoja akanipisha kiti. Nadhani alifikiri ni mgonjwa.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mtu wa mashine kuliko wa gongo. Kila jioni baada ya kazi niliikagua kwa pimamaji, maana mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, nikauwekea kadibodi iliyokunjwa mara nne. Mara tatu ilikuwa haitoshi, mara tano ilizidi. Nilikaza nati kwa spana. Nilifuta mipira mmoja mmoja. Gurudumu nililisugua kwa brashi kavu, nikaandika kwenye daftari: “Gurudumu: safi.” Halafu nilisimama mbele yake, mama mdogo akiweka mipira kwenye mdomo wa mashine huku anaongea na simu, na mimi nikakwepa.

Lakini wiki ya tatu kitu kilibadilika. Mipira ilianza kuja polepole, ikiinama mwishoni kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu. Nilipata nafasi ya kuutazama mpira, nikasimama, nikapiga. Nilipandisha swichi hadi tano, halafu sita, na bado nikapiga. Gurudumu nalo lilikuwa linang'aa. Zamani lilikuwa la kijivu, sasa jeusi, laini, zuri. Niliamini ni brashi yangu. Nililipiga picha. Nakiri kwamba niliitazama picha hiyo ofisini.

Jumapili ya mwisho kabla ya majaribio nilishuka mapema kutafuta viatu vya kanisani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama mdogo alikuwa bustani, amevaa gauni la kanisani, kopo la mafuta ya mgando mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia alikuwa analipaka gurudumu. Alikuwa analipaka vizuri, kwa kuzungusha, kama anampaka mtoto kabla ya picha.

“Mama mdogo! Unafanya nini?”

“Nini? Nimemaliza miguu yangu, nikaliona hili limepauka. Nimelionea huruma.”

“Tangu lini?”

“Kila Jumapili. Hukuona linavyopendeza?”

Mama mdogo hajawahi kumwacha mtu atoke nyumbani kwake akiwa amepauka. Mwaka jana alimpaka mafuta viwikoni fundi wa gesi. Ningepaswa kujua.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilisema ameniharibia kila kitu. Nilisema hakuna aliyemwomba. Alifunika kopo, akaingia ndani, na kwenye basi la kwenda kanisani alikaa kiti cha mbele yangu badala ya kando yangu.

Mchana nililifuta gurudumu kwa spiriti, mara nne, hadi likarudi kuwa la kijivu. Nikaweka swichi namba sita. Mpira wa kwanza ulipita kabla sijainua gongo, ukagonga uzio, jirani wa juu akafungua dirisha. Nilishusha hadi nne. Nikakosa. Katika mipira ishirini niligusa mmoja, kwa vidole. Daftari langu la wiki tatu lilikuwa linaeleza kwa usahihi mkubwa ustadi wa kupiga mipira yenye mafuta.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni. Baadaye mama mdogo akatoka amevaa kanga juu ya nguo za kazi. Anahudumia wazee majumbani, na zamu yake ilikuwa jioni. Hakunitazama.

“Kavu linarusha kwa nguvu?”

“Ndiyo.”

“Basi simama. Nina nusu saa.”

“Mama mdogo, nisamehe kwa yale…”

“Simama, mwanangu, saa inakwenda.”

Siku sita aliniwekea mipira kwenye mashine kabla ya zamu au baada yake. Sikupiga mingi. Ila kuna kitu nilikigundua Jumatano na nikakiandika: nilikuwa nakosa, lakini nilikuwa nakosa nimesimama palepale.

Jumamosi ya majaribio, kocha alikuwa mama wa makamo mwenye kofia iliyopauka kabisa. Mama mdogo asingevumilia. Kila mtu alipata mipira kumi, naye mwenyewe ndiye aliyerusha. Nilikosa saba mfululizo. Nilihesabu, sina namna ya kutohesabu. Wa nane aliutupa huku anashika bega, nadhani lilimchoka, na mpira ukaja polepole, ukiinama mwishoni. Huo niliujua. Niliungoja kama ndugu anayeshuka kwenye basi, nikaupiga ukavuka vichwa vya watu wote na kuingia kwenye upupu wa kando ya mto unaopita nyuma ya uwanja. Miwili ya mwisho nikakosa.

Kocha akaja na karatasi yake.

“Hapa umeandika miaka mitatu.”

“Nilidanganya. Ni wiki sita, nyuma ya nyumba.”

“Nilijua tangu nilipoona ulivyoshika gongo.” Akaandika kitu. “Lakini hukukwepa. Wapya wote wanakwepa. Umefundishwa na nani?”

Sikumweleza habari za rede. Nilisema, “Mama mdogo.”

Walinichukua kama mchezaji wa akiba. Maana yake nabeba mipira, nasubiri mtu aumie kifundo cha mguu, na nasimama kwenye mstari wa kupiga kila mtu akishamaliza. Mashine bado iko bustani. Nalifuta gurudumu Jumapili asubuhi, mama mdogo anasimama mlangoni na kopo lake.

“Litakaa limepauka hivyohivyo?”

“Hivyohivyo.”

Anageuza uso. Linamuuma, naona.

Jumanne iliyopita mvua iliniloweshea mipira na nikachelewa mazoezi kwa sababu nilikuwa naikausha, mmoja mmoja, kwa taulo. Nilikuwa nimefika mpira wa kumi na tisa simu ilipolia. Alikuwa kocha.

“Uko wapi?” akauliza.

Ilibidi nikae chini kidogo kabla ya kumjibu.