Siku nne ambazo orodha ya oksijeni haikutoka

Saa kumi na mbili asubuhi inakaribia. Katika chumba cha nyuma cha ofisi ndogo ya ghorofa ya pili, mwanamke wa miaka thelathini na minne ameketi mbele ya kompyuta, koti bado mwilini. Chai aliyokuja nayo iko kwenye chupa, kifuniko hakijaguswa. Macho yake hayabanduki kwenye mstari mmoja wa maandishi ya kijivu.

Saa kumi na mbili kamili, mstari unageuka kijani. Orodha imetoka: majina manne, mitaa minne, mitungi minne ya oksijeni.

Anachukua simu na kumpigia dereva.

"Imekufikia?"

"Imefika, Fundi Saa."

"Nisomee jina la kwanza."

Dereva anasoma. Hapo ndipo mwanamke huyu anavua koti.

Ofisi hii hupeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa thelathini na wanane wa mapafu wanaotunzwa majumbani. Yeye ndiye anayeiangalia programu inayohesabu ni mtungi wa nani unakaribia kuisha. Hesabu hiyo haifanywi na mtu. Ameipangia saa, nayo hujifanya yenyewe kila siku, orodha ikaingia kwenye simu za madereva kabla hawajawasha magari. Kwa sababu ya kupanga saa huko, madereva walimbatiza Fundi Saa. Orodha yenyewe waliiita jogoo. "Jogoo amewika," walikuwa wakiambiana asubuhi, kisha huyoo, kila mtu na njia yake.

Siku hizi hakuna anayetania hivyo.

Mkasa ulianza Ijumaa moja miezi mitano iliyopita. Programu ile haikai kwenye kompyuta ya ofisini. Inakaa kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, ambazo watu wa fani wanaziita wingu, na kodi hulipwa kila mwezi. Mkurugenzi alikuwa akitafuta pa kubana matumizi.

"Dada, hamia kifurushi cha chini," alimwambia. "Programu si ni ileile?"

Programu ilikuwa ileile, ila kifurushi cha chini kilikuwa na sharti moja: wasipoiingia watu kwa dakika ishirini, programu inalazwa. Ikilala, na kazi zote zilizopangiwa saa ndani yake zinalala nayo.

"Sharti hilo niliusoma mstari wake kwa macho yangu haya," anasema Fundi Saa. "Sitadanganya kwamba halikuandikwa. Nilisoma nikajiambia, ofisini watu wanaingia mara kwa mara, haitalala. Hayo mengine nitayatengeneza Jumanne."

Alisema Jumanne kwa sababu Jumatatu ilikuwa sikukuu. Alibonyeza kitufe cha kuhama saa tisa alasiri. Jioni watu wakafunga ofisi, wakatakiana mapumziko mema. Dakika ishirini baada ya mtu wa mwisho kutoka, programu ikalala.

Jumamosi orodha haikutoka. Jumapili haikutoka. Jumatatu haikutoka. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi pia haikutoka.

Dereva mkongwe, ambaye wenzake humwita Kipara, hakushtuka. "Mwaka uliotangulia tuliwapelekea wagonjwa mitungi mapema kabla ya sikukuu," anaeleza. "Nikadhani safari hii kazi hiyo wamempa mwenzangu. Mwenzangu naye akadhani wamenipa mimi."

Fundi Saa alikuwa nyumbani na mama yake, simu mkononi, akisubiri kupigiwa kama kungetokea hitilafu. Hakuna aliyempigia.

"Kazi ikianza ikakosea, inapiga kelele, naletewa ujumbe," anasema. "Kazi isiyoanza haina mdomo."

Wagonjwa sita waliishiwa katika siku hizo. Watano walikimbizwa hospitali. Wa sita alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, seremala aliyepiga randa kwa miaka arobaini hadi vumbi la mbao likamkaa kifuani. Mtungi wake ulikuwa ubadilishwe Jumapili. Mkewe alipiga simu ya ofisi mara kumi na saba, nayo ikaita katika chumba kitupu. Jumatatu mchana jirani alipata gari la kumkimbiza hospitali. Hawakufika.

Jumanne saa mbili asubuhi, mhudumu wa mapokezi aliwasha kompyuta yake na kuifungua programu. Programu ikaamka. Kwa kuwa ndivyo ilivyotengenezwa, ikaanza kulipia siku ilizokosa: orodha nne zikamwagika kwa mpigo kwenye simu za madereva.

"Niliziona zote nne kwa pamoja," anasema Fundi Saa. "Nilijua kabla sijaambiwa."

Kipara naye aliona majina yamerundikana, akapakia haraka bila kuuliza. Nyumba ya tatu kwenye orodha ilikuwa ya seremala. Alikuta viti vimepangwa nje na watu wameinama. Alikuwa na mtungi begani.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Yule mama alinitazama, hakunifokea. Aliniambia, 'Shusha, baba. Mzigo mzito huo.' Nikashusha."

Wiki hiyohiyo, ofisi ilizipelekea familia barua. Ilisema kulikuwa na hitilafu ya mtandao iliyo nje ya uwezo wao. Fundi Saa alisoma nakala yake kwenye ubao wa matangazo, akaenda kwa mkurugenzi kumwambia kuwa si kweli.

"Maji yameshamwagika, dada," mkurugenzi alimjibu. "Ukienda kusema hayo utatuzamisha sote, na wagonjwa waliobaki wakose hata huo mtungi."

Kwa siku kadhaa alikula kidogo na kulala kidogo. Mama yake, anayeishi naye, ndiye aliyemtoa ndani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia. "Nenda kaseme, mwanangu. Ukirudi umefukuzwa, tutakula tulichonacho."

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi alibisha hodi kwa mjane wa seremala. Alikaribishwa kwenye chumba chenye viti ambavyo marehemu alivichonga mwenyewe. Mtungi aliouleta Kipara ulikuwa bado umesimama pembeni, hakuna aliyeuondoa. Kijana mkubwa wa marehemu alisimama mlangoni, hakukaa.

"Mama, barua mliyoletewa inasema ni mtandao," Fundi Saa alianza. "Si mtandao. Mimi ndiye niliyebadilisha kifurushi, na nilikuwa nimesoma kwamba programu inaweza kulala."

"Ulijua?" mjane aliuliza.

"Nilisoma, mama. Nikaahirisha."

"Toka," alisema yule kijana.

"Mwache amalize," mama yake akamkatiza. Alikunja na kukunjua upindo wa kitenge chake. Kisha akasema jambo ambalo hata mwanawe hakuwa amelisikia.

"Jumapili geji ya mtungi ilipoingia kwenye nyekundu, nilimwambia mume wangu watakuja tu, hawa hawajawahi kutuangusha. Nikampunguzia hewa ili ifike kesho. Mkono huu ndio uliozungusha. Wewe unayejua mambo haya, niambie. Nisingepunguza, angepona?"

"Mama, mtungi ungeisha mapema zaidi," Fundi Saa alijibu. "Ulimwongezea saa. Kosa si lako hata punje."

Mjane aliinamisha kichwa. "Siku kumi na mbili nimekuwa najihukumu peke yangu," alisema. "Sikusamehe leo, usiondoke ukidhani nimekusamehe. Ila leo nitalala."

Fundi Saa aliporudi ofisini na kueleza alikotoka, alipewa barua ya onyo, na mshahara wake ukakatwa robo kwa miezi mitatu. Hakufukuzwa. Anadhani ni kwa sababu hakuna mwingine anayeijua programu ile. Mwezi ujao ataitwa mbele ya kamati inayochunguza kifo cha seremala, na ameshaamua kusema yaleyale aliyoyasema kwa mjane, pamoja na nani aliagiza nini. "Huenda nikatoka pale sina kazi," anasema. "Nimeshaanza kumfundisha mhudumu wa mapokezi, nisije nikaondoka na funguo."

Kazi ya orodha ameitoa ndani ya programu na kuipeleka kwenye mashine isiyolazwa. Pembeni yake ameweka mlinzi, programu nyingine kwa mwenye wingu mwingine, yenye kazi moja tu: isipopata habari kwamba orodha imetoka hadi saa kumi na mbili na dakika kumi, inapigia simu tatu mpaka mmoja apokee. Atakayepokea atawaamsha madereva, na kila gari sasa lina karatasi ya wagonjwa wote.

Simu ya kwanza ni yake, ya pili ni ya Kipara. Ya tatu ilimsumbua. Mkurugenzi alisema asiwekwe yeye, analala na simu imezimwa.

Amekuwa akipita kwa mjane kila baada ya wiki mbili. Safari moja alimweleza kuhusu simu hizo, naye mama yule akamuuliza swali moja: "Na siku wewe na dereva mkiugua?"

"Ndiyo natafuta mtu wa tatu, mama. Awe anaamka mapema."

"Andika yangu," mjane alisema. "Mimi huamka saa kumi na moja. Miaka sita nilikuwa naamka kumtazamia geji. Sasa naamka, sina wa kumtazamia."

Fundi Saa alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliandika.

"Naomba kwa Mungu simu yake isiite hata siku moja," anasema sasa. "Lakini namba yake imo, na tumeijaribu."

Walipoijaribu, simu ya mjane iliita kwa sauti ndogo mno, hata yeye mwenyewe hakuisikia. Kijana wake, aliyekuwa mlangoni kama kawaida yake, alivuta kiti akakaa karibu na mama yake, akaichukua simu na kumwonyesha, polepole, jinsi ya kuipandisha sauti hadi mwisho.