Mwepesi wa Nyumba

Enzi zetu pale Shituru, mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda huko Likasi, jamani, hatukuwa na viti vya kukanda mwili wala dawa za kupaka zinazonukia maua. Tulikuwa na watoto! Mgongo wa mzazi ukiuma, mtoto anaitwa, ananawa miguu, anapanda juu na kuanza kutembea. Ninyi wenzangu mliolelewa katika zile nyumba za matofali za kampuni, zilizofanana hata mlevi akawa anaingia kwa jirani na kudai chakula, najua mnatabasamu hivi sasa na nyayo zinawawasha.

Papa, baba yangu, alifanya kazi kiwandani, upande wa kunyanyua mabamba ya shaba. Alasiri, king'ora cha kutoka kazini kilipolia, sisi wasichana tulikuwa uwanjani tukicheza nzango, tunaruka, tunapiga makofi na kurusha miguu mpaka vumbi linatufanya wote rangi moja. Mimi nikikisikia tu king'ora, naacha mchezo hata kama nashinda. Mbio! Nyumbani mama alikuwa ameshateleka maji kwenye mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, na ndani ametia majani ya mkaratusi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkaratusi natafuta baiskeli ya papa mlangoni. Aliingia na ovaroli iliyotobolewa na asidi vitundu vidogo vidogo, akaoga, akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, halafu akajinyoosha kifudifudi kwenye mkeka kando ya ukuta. Hapo nyumba nzima ilinyamaza ikinisubiri mimi, Mado, msichana wa miaka tisa, mwepesi wa nyumba.

Hicho kilikuwa cheo, msicheke. Dada zangu wawili walikishika kabla yangu, na kila mmoja alikiacha alipoongezeka uzito. Mrithi wangu alikuwepo tayari, mdogo wangu Zozefu, wa miaka mitano, mwenye miguu kama vijiti vya kiberiti. Nilimwangalia kwa jicho baya kila alipopita.

"Miguu yako iko moto?" papa aliuliza bila kuinua kichwa.

"Iko moto, papa."

"Haya, panda. Usinipandie na baridi yako."

Mnakumbuka baridi ya Likasi mwezi wa sita? Inauma mpaka kwenye meno! Kwa hiyo kwanza unaweka nyayo karibu na mbabula, moja baada ya nyingine, mpaka zinakuwa nyekundu. Kisha unaanzia kiunoni, polepole, kisigino kikikaa pembeni ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa. Unapanda hadi kwenye bega la kulia, penye fundo gumu kama kokwa la embe. Hapo unasimama na kuhesabu hadi ishirini. Mkono mmoja umeshika ukuta usianguke, na ukutani pale palikuwa na doa jeusi la viganja vya watoto wote wa nyumba. Kila Noeli mama alilipaka chokaa, na kabla ya Pasaka lilikuwa limerudi.

Mama alikuwa na neno lake moja, alilisema kila siku: "Mugongo ya papa yenu njo meza yetu. Mukiiharibu, tutakula wapi?"

Lakini niseme ukweli. Sikuwa nawaza kwamba mgongo ule ndio meza yetu wala ndio chakula. Tulikuwa watoto saba, na papa alikuwa mtu wa maneno machache. Mkate uligawanywa, sabuni iligawanywa, hata kitanda kiligawanywa. Juu ya mgongo ule tu ndipo papa alipokuwa wangu peke yangu. Nilipolipata lile fundo, alitoa sauti kutoka tumboni, "Eeeeh, mama yangu, pale pale!" na mimi nikavimba kichwa kama niliyeinua kiwanda kizima. Hapo ndipo aliponisimulia alivyokuwa mtoto, alivyoogopa siku yake ya kwanza kazini. Dada zangu hawakuwahi kusikia, au walisikia wakati wa zamu yao na wakaficha.

Basi siku moja nikiwa begani, papa akashusha pumzi na kusema, "Ah, Mado. Unaanza kuwa muzito."

Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi nilikuwa na mpango. Sitakula! Bukari nilikuwa naikata, naifinyanga, najifanya natafuna, kisha naiteremsha chini ya gauni, na baadaye naitia ndani ya kopo tupu la maziwa nililoficha nyuma ya choo. Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Ya pili tumbo liliimba kanisani, mama akanikanyaga mguu. Ya tatu nilipanda mgongoni, nikafika kwenye fundo, nikaanza kuhesabu. Kumi na moja, kumi na mbili, ukuta ukaanza kutembea. Nilishtukia niko chini, nimelala juu ya kichwa cha papa, na papa anapiga kelele kwamba nyumba imeanguka.

Mama hakukawia kulipata kopo. Lilikuwa limeanza kunuka, maskini, na mbwa wa jirani alikuwa amelilinda siku nzima. Mama alinibana mpaka nikasema sababu, akalileta mbele ya papa.

"Angalia mutoto yako! Anatupa chakula! Anasema anataka kubakia mwepesi!"

Nilijua nitachapwa, na kwa haki. Papa alilisukuma lile kopo kando. Kisha akaninyanyua, akanipakata, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipoota meno, akanipima mikononi juu na chini.

"Mado, sikia," alisema. "Uzito huu, unajua unatoka wapi? Njo mushahara yangu huu. Kila siku nanyanyua shaba ili weye ukuwe muzito. Sasa weye unautupia mbwa?"

Nikalia hadi kifua kikauma. Mama akanisongea bukari mpya, ya kwangu peke yangu, na kipande cha samaki, nikala huku nikilia, na ilikuwa tamu kupita zote nilizokula maishani. Kesho yake Zozefu alipanda. Nilimshika mkono nikamwelekeza njia, kiuno, pembeni ya mfupa, bega. Papa aliposema "Eeeeh, pale pale," nilikimbilia nje nisionwe.

Siku hizi naishi mtaa wa Kikula, mji ule ule, na papa anaishi kwangu. Mama hatunaye tena. Wanangu wana mto unaotetemeka, unachomekwa kwenye umeme na kunguruma mgongoni. Umeme ukienda, na mnajua unavyokwenda, starehe imekwisha. Simu zao zinawahesabia hatua, elfu hivi, elfu vile, wanaoneshana kwa fahari, na hakuna hata hatua moja waliyoitembea juu ya mgongo wa mzazi wao! Nikimwita mdogo anipandie, anauliza kama anaweza kupanda na simu yake. Papa naye muuguzi amekataza asikanyagwe tena, mifupa imekuwa ya kuvunjika. Nilipomwambia, alikunja mkeka wake akahamia kitini.

Juma lililopita nilirudi kutoka sokoni, ambako nakaa kwenye kigoda kutwa nikiuza vitenge, nikiwa nimejikunja kwa maumivu. Nikajitupa kwenye mkeka mbele ya kiti cha papa. Nikasikia mbabula inavutwa. Nikageuka, nikamwona mzee amevua soksi, ameinamisha nyayo zake juu ya makala, moja baada ya nyingine.

"Papa, unafanya nini?"

"Lala vile vile. Usigeuke."

Akiwa amekaa palepale kitini, aliniwekea miguu yote miwili mgongoni. Ilikuwa na joto, na haikuwa na uzito wowote. Ilianzia kiunoni, pembeni ya mfupa, ikapanda polepole mpaka begani, ikalipata fundo langu. Nikasema "Eeeeh, pale pale," na machozi yakashuka kwenye mkeka.

"Miye njo mwepesi wa nyumba sasa," papa alisema, akaanza kuhesabu.