Baba, Kombi na Kufuli Lililowaudhi Wakwe

Sisi tuliokulia Dodoma miaka ya ruksa tuna mambo yetu, na watoto wa siku hizi wakitusikia wanadhani tunatunga. Area D yetu ilikuwa na nyumba zilizoachana, katikati vichaka, na humo tulicheza kombolela mpaka mama mmoja aite. Akiita mmoja, wameita wote. Shuleni tulikwenda na fagio la chelewa na kidumu cha maji, tukirudi vumbi limetuganda hadi magotini na ndimi zimekuwa nyekundu kwa ubuyu wa kuchovya rangi. Madukani, tulikozoea kuona rafu tupu, vitu vikaanza kuingia: sabuni za kunukia, pipi za karatasi zinazometameta, mashati ya mitumba yenye harufu ya dawa ya nondo. Watu wazima walisema nchi imefunguka.

Nchi ikafunguka, na baba yangu akapunguzwa kazi. Alikuwa mchora ramani wa shirika moja, mtu wa kalamu kali na kola nyeupe. "Kupunguzwa" lilikuwa neno jipya, tukalishika sisi watoto kabla ya kujua uchungu wake. Wenzake waliopata kiinua mgongo walifungua vibanda, na mmoja alinunua mashine ya kusaga. Baba alinunua Kombi.

Tena haikuwa Kombi ya abiria. Wazungu wawili, mume na mke, walikuwa wakishuka nayo kutoka kwao kwenda kusini kabisa mwa Afrika, giaboksi ikawafia Dodoma, wakaiuza kwa bei ya kuitupa na kupanda treni. Ndani yake mlikuwa na kiti kinachokunjuliwa kikawa kitanda, sinki, jiko la gesi na mapazia ya maua. Nyuma ilikuwa na chuma cha kubebea baiskeli. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. "Baba Upendo, kazi imekwisha, na nyumba nayo unahama?" Upendo ni mimi, mtoto wa kwanza. Baba alilala chini ya ile Kombi wiki nyingi pamoja na fundi, akatoka kila jioni na grisi hadi kwenye nyusi, na siku ilipounguruma alitupandisha sote akatuzungusha hadi Msalato na kurudi, akipiga honi kwa kila aliyekuwa amecheka. Hesabu yake ilikuwa hivi: atapeleka bidhaa minadani na kulala humo humo bila kulipa gesti. Kombi ikikutana na korongo la mchanga, baiskeli zetu za nyumbani, zilizofungwa nyuma, zitashuka na kuendelea na safari.

Sijapata kuona mtu anayelinda baiskeli kama baba. Alizifunga kwenye kile chuma kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, juu yake akapitisha mnyororo wa kufungia ng'ombe, kisha kufuli la shaba zito kama jiwe la kusagia. Tandiko alilichomoa, kengele akaifungua, pampu akaja nayo mbele. Mimi na mdogo wangu Yona tulisafiri tumepakata matandiko kama watu waliobeba kuku wa sadaka. Tukisimama kunywa chai, baba alikaa akitazama baiskeli na mgongo ameupa chai. Akitaka kujinyoosha kivulini, alifunga kamba kwenye pedali na ncha ya pili kwenye kidole gumba cha mguu. Siku moja kamba ilivutwa, akaruka na kukimbia peku akipiga kelele za mwizi, kumbe ni mbuzi anatafuna mpira. "Mlinzi wa kwanza ni macho," alituambia, "wa pili kufuli, wa tatu Mungu." Mama akamuuliza ni nani aliyempangia Mungu zamu ya tatu.

Likizo ya mwaka ule tulikwenda kijijini Haneti, kwa babu mzaa mama. Haikuwa safari ya kutembea tu. Habari za baba kupunguzwa kazi zilikuwa zimeshafika, na babu alikuwa ametuma ujumbe kwamba anataka kutuona sote, mama aje na watoto na nguo za kutosha. Hizo nguo za kutosha ndizo zilizomnyima mama raha. Kwao, mzazi akiona binti yake anateseka humrudisha nyumbani, na ng'ombe wa mahari wakazungumzwa upya. Nilimsikia mama akimwambia baba jikoni, "Wakisema nibaki, mimi nitamjibu nini baba yangu?" Kesho yake baba alirudi na baiskeli mpya ya Kichina, nyeusi, bado imeviringwa karatasi ya kaki, zawadi ya mkwe wake. Kama mkono wa mtu umekauka, alisema, hauwezi kubeba kitu kama hiki.

Njia nzima tulikula vumbi. Ilikuwa kiangazi, milima ya Chenene imekaa mbele yetu kama haisogei, na kila korongo baba alishuka kwanza akaukanyaga mchanga kabla ya kuamini magurudumu. Mama alitukaangia mayai kwenye jiko la gesi, Kombi imeegeshwa kando, na wachunga ng'ombe wakaja kuchungulia dirishani kuona gari lenye jiko. Sijala mayai matamu kama yale hata hotelini.

Tulifika mchana. Nyumba ya babu ilikuwa tembe refu la udongo lenye paa bapa, na uani mlikuwa na zizi la magogo na miiba. "Mbukwenyi!" walitupokea kwa salamu ya Kigogo, nasi tukapiga magoti kumsalimia babu, shikamoo, marahaba, mmekua. Baba akaishusha baiskeli mpya, akarudisha tandiko na kengele, akachana karatasi ya kaki, ikang'aa mpaka ndama wakashtuka. Wajomba wakashangilia. Na hapo, kwa mazoea tu, maskini baba yangu, aliisogeza hadi kwenye nguzo ya zizi, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli, akalivuta mara mbili kulijaribu, akaweka ufunguo mfuko wa shati.

Pale hapakuwa na mlango wenye kitasa. Nafaka ilikaa wazi, ndama walikaa wazi. Mjomba Daudi, kaka mkubwa wa mama, aliuliza polepole, "Shemeji, umemfungia nani?"

Babu aliinuka, akachukua fimbo yake na kuingia ndani. Bibi akamfuata. Mama aliinamisha uso, na mimi mwenyewe nilielewa kwamba zawadi imegeuka tusi. Baba alikimbilia kufuli alifungue, lakini kufungua baada ya kuambiwa ni sawa na kukiri. Alisimama na ufunguo mkononi, kisha akaurudisha mfukoni. Jioni babu alikula peke yake. Sisi tulidonoadonoa ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho siku nyingine kingetufanya tugombanie sufuria.

Asubuhi baba alikwenda kunawa uso nyuma ya Kombi. Aliporudi, baiskeli haipo. Mnyororo haupo, kufuli halipo, na nguzo yenyewe ya zizi haipo. Wajomba walikuwa wameing'oa nzima na kuibeba begani na kila kilichofungwa kwake. Pamebaki shimo.

Mjomba Daudi alikuwa ameegemea ukuta akipiga mswaki wa mti. "Ninyi Wahehe," alisema, "kufunga mbwa wa kitoweo mnajua. Baiskeli iacheni."

Lazima niwakumbushe wadogo: baba alikuwa Mhehe wa Iringa, mama Mgogo, na Wahehe na Wagogo ni watani tangu mababu. Mtani akichukua kitu chako hujaibiwa. Unachezewa, na njia ya kukikomboa ni kucheza vizuri kuliko yeye. Lakini mtu mwenye kidonda moyoni hachezi kirahisi. Nilimwona baba shingo inamvimba. Mama alisimama mlangoni pa tembe, kanga ameing'ata. Angetukana pale, au angetupandisha kwenye gari tuondoke, mambo yangekuwa yamekwisha.

Baba alivua viatu. Akakunja suruali yake ya ofisini, akatumbukiza miguu yote miwili ndani ya lile shimo, akajisindilia udongo kwa mikono mpaka kwenye ugoko. Akashika gogo la kulia kwa mkono mmoja, la kushoto kwa mwingine, akasimama wima.

"Nguzo mmeiba," alisema. "Basi zizi la mkwe wangu halitakaa wazi. Leteni ng'ombe."

Mjomba Daudi alitema mswaki. Walijaribu kumchekesha, wakamtekenya, wakamletea majani kama ng'ombe. Bibi alikuja akamzunguka, akarudi ndani amejifunika mdomo. Yona alikwenda akasimama kando yake na kushika gogo pia. Jua likapanda, nzi wakatua usoni kwa baba naye hana mkono wa kuwafukuza, na bado alisimama, mchora ramani wa kola nyeupe, vumbi hadi magotini. Mimi nimeona watu wenye vyeo wakisimama kwenye majukwaa. Sijaona aliyesimama vizuri kama yeye.

Ndipo babu alipotoka. Alimtazama kuanzia utosini hadi shimoni. Mkwe na mkwe huheshimiana, hawachekiani, na babu alijitahidi. Ndevu zilitetemeka kwanza, halafu mabega, halafu kicheko kikamtoka akashika ukuta. Alipopata pumzi aliwaambia wajomba, "Irudisheni. Mwanamume anayeweza kusimama hivi nyumbani kwa wakwe zake, kazi itamfuata tu." Kisha akamgeukia mama na kumuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnarudi lini mjini, nikutafutie karanga za kubeba?"

Mama aliingia ndani haraka, na mimi nilijua anakwenda kulia. Hakuna aliyezungumzia nguo za kutosha tena. Wajomba walirudi na baiskeli begani wakiimba, baba akafungua kufuli nao wakalichukua kama malipo ya kuikomboa, na mjomba Daudi akalining'iniza shingoni mwa beberu. Babu hakuwahi kujifunza kuipanda baiskeli ile. Aliikokota minadani miaka yote na gunia juu yake, akaiegesha popote ilipomfaa, na haikuguswa. Baba naye alizunguka na Kombi yake mpaka sote tukamaliza shule.

Area D ya leo ina kuta ndefu zenye vipande vya chupa, na juu yake nyaya za umeme. Wanangu wana baiskeli nzuri kuliko zote tulizowahi kuziota, zinakaa stoo, na wao wanakaa na simu wakitazama watu wengine wakiendesha. Ukimwambia kijana wa sasa kwamba wajomba walikung'olea nguzo, atauliza kama ulipiga picha. Sijui tumefikaje hapa. Mwezi uliopita jirani yangu, kijana mpole mwenye mke na mtoto mchanga, alipunguzwa kazi. Hakumwambia mtu, tulitambua kwa kuona gari lake halitoki. Hakuna aliyekwenda kumtania, hakuna aliyempa nafasi ya kutuonyesha anavyoweza kusimama. Jana nilimkuta nje, nikampungia mkono, naye akanipungia, kisha kila mmoja akaingia kwake na kufunga geti.