Tarumbeta Iliyomlilia Mama

Naikumbuka Ijumaa moja ya Riyadh, mwanangu, kama jana vile. Ngoja nikae vizuri. Magoti haya hayaamrishiki tena.

Nilikuwa kijana kutoka Tanga, dereva wa nyumba moja kule mtaa wa Suwaidi. Kila Ijumaa nilipopumzika nilikwenda makazi ya wageni kupiga tarumbeta. Tulikuwa watatu: mimi, Shabani wa Mombasa kwenye dramu, na Mzee Amosi, mwalimu, Mmarekani mweusi, aliyepiga piano. Yeye ndiye aliyetuonjesha jazi. Nyimbo tulizitoa kwenye kanda zake nota kwa nota, na Shabani, loo, alikuwa mkali! Ukikosea kidogo tu, utamkoma.

Asubuhi ya siku hiyo nilipigiwa simu kwamba mama amefariki. Kafili wangu, bosi aliyeshika pasipoti yangu, alikuwa safarini, na bila ruhusa yake mafi, hakuna kutoka. Mama akazikwa adhuhuri. Mimi, mwanawe wa pekee, sikutia hata konzi ya udongo kaburini.

Alasiri nikaenda kupiga. Utaniuliza, mtu kafiwa anaendea nini muziki? Nami nakuuliza, ningekaa chumbani na nani? Sikumwambia mtu.

Ilipofika zamu yangu ya kupiga peke yangu, kanda yote ikanitoka kichwani. Ukaja wimbo aliokuwa akinibembelezea mama. Nikaupiga huo huo, juu ya mwendo wa Kimarekani, machozi yananitiririka.

Shabani akaacha dramu. "We vipi? Hiyo haimo kwenye kanda! Umetuharibia!"

"Nyamaza," Mzee Amosi akamwambia. Akanigeukia. "Unamlilia nani?"

"Mama. Wamemzika leo."

Shabani akafunika uso. Mzee Amosi akamwambia taratibu: "Babu zangu walinyang'anywa ngoma zao. Wakashika tarumbeta za wanajeshi, wakazitia kilio chao. Kila aliyekuja nyuma yao akaongeza lake, na muziki wa Marekani haukurudi tena ulikotoka. Kanda ni salamu, Shabani. Mwenzio ameitikia." Akanitazama. "Anza tena pale pale. Tutakufuata."

Nikaanza. Piano ikaingia chini yangu, na Shabani naye akaja polepole. Wazee wetu walisema, kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Matanga ya mama kwa upande wangu yalikuwa hayo.

Leo wewe unapiga saksafoni hotelini Jeddah, hadharani, jambo tulilolifanya kwa kujificha nyuma ya ukuta. Nafurahi, wallahi. Lakini juzi nilikuja kukusikiliza. Hukukosea hata nota moja, mwanangu, na wewe mwenyewe sikukusikia. Iliniuma.

Basi shika haya. Jifunze ya waliotangulia mpaka uyajue usingizini, maana asiyeijua salamu ataitikia nini? Usiwadharau. Ila usiishie kwao. Jazi ilifika ilipofika kwa watu waliothubutu kutia uchungu wao na furaha yao mle mle, hata wakaambiwa wameharibu. Asiye na mengi ana machache. Hayo machache yako, yatoe.

Mola akukunjulie kifua, akupe pumzi ndefu na watu wa kukufuata unapoanza. Na siku nitakayoondoka mimi, nakuomba, usinipigie ya kwenye kanda.